Hatukai Usagara

Kila siku, kabla muadhini hajamaliza adhana ya alfajiri, Thuwaiba alikuwa ameshakunja mkeka. Alikunja pia shuka mbili na chandarua. Vyote alivitia katika gunia la mchele, akalifunga kwa kamba. Mumewe, Mbarouk, alilisukuma gunia chini ya meza ya cherehani. Kisha alitandika kitambaa kirefu juu ya meza, gunia lisionekane.

Jua lilipotoka, mpita njia aliwaona fundi na mkewe barazani, akadhani wamewahi kazini. Hakujua kwamba hawakutoka popote. Walikuwa wamelala palepale.

Baraza hiyo ilikuwa ya nyumba kongwe ya ghorofa, katikati ya jiji la Tanga, si mbali na soko. Chini palikuwa na maduka, juu na uani walikaa wapangaji. Mbarouk na Thuwaiba walipanga chumba cha uani kwa miaka kumi na tisa. Mwenye nyumba alipofariki, warithi wake waliifunga nyumba. Wapangaji waliambiwa watoke. Waliambiwa kwa mdomo tu, nao wakatoka. Hawakuwa na karatasi yoyote ya upangaji, na hawakujua waulize wapi.

Mbarouk alihamisha cherehani yake, akaiweka barazani.

"Wiki mbili tu, Mama Time," alimwambia mkewe. "Tutapata chumba."

Wiki mbili zikawa mwaka. Mwaka ukazaa mwingine.

Mimi nilimjua Mbarouk. Alinishonea kanzu mbili, na siku ya kunipima ile ya pili aliniambia nimenenepa, tena bila kupepesa macho. Alikuwa Mpemba wa Wete, msafi, mchache wa maneno, mwenye kujistahi. Alipenda sana sitara. Mtu wa pwani analijua neno hilo. Sitara ni kuyafunika ya nyumbani kwako, watu wasiyaone. Ni tabia nzuri, nami nimelelewa nayo. Lakini Mbarouk aliiweka sitara mahali ambapo haikutakiwa, na kila nikikumbuka moyo unaniuma.

Hata binti yao hakujua kitu. Binti huyo, Time, ameolewa Wete. Kila Ijumaa alipiga simu, akiamini wazazi wake wanakaa mtaa wa Usagara, hapo Tanga.

"Baba, hamjambo hapo Usagara?"

"Hatujambo, mwanangu. Tuna nyumba nzuri, upepo tele."

Upepo kweli ulikuwa tele.

Barazani hapo hawakulala peke yao. Walilala watu ishirini na watatu, wao wakiwamo. Alikuwapo mama mwenye watoto wawili. Walikuwapo wachukuzi wa sokoni. Alikuwapo pia Mzee Ernesti, aliyekata mkonge mashambani tangu ujana mpaka mgongo ukakataa. Wote walimheshimu Mbarouk. Walimwita fundi, na akisema neno walilifuata.

Mwezi wa pili gari lenye kipaza sauti lilipita mitaani. Tangazo lilisema kwamba nyumba kongwe za katikati ya jiji zitajengwa upya. Tena lilisema kwamba imeundwa Kamati ya Ushauri. Kamati itawahesabu watu wanaokaa humo, itasikiliza maoni yao, kisha itawashauri madiwani.

Wiki iliyofuata walikuja wasichana wawili waandikishaji. Walivaa vizibao vya kijani na kushika makaratasi. Walifika mapema, saa kumi na mbili asubuhi.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni," akajibu Mbarouk.

"Tunawaandika watu wanaolala katika baraza hizi. Pia tunawaandika wanaofanya kazi hapa. Je, nyinyi mnalala hapa?"

Thuwaiba alimtazama mumewe. Mbarouk alikanyaga cherehani, akapiga mishono michache, ndipo akajibu.

"Hapa? Hapana, binti yangu. Sisi tunakaa Usagara. Hapa ni kazini."

"Na wanaolala hapa ni wengi?"

"Wapo wachache. Mimi hufunga kazi mapema, siwajui sana."

Msichana akaandika: fundi cherehani, mkazi wa Usagara. Akashukuru, akasogea kwa Mzee Ernesti.

Mzee Ernesti alikuwa amesikia yote. Alijikohoza.

"Mimi ni mlinzi wa nyumba hii," alisema.

Alilinda nini, maskini? Nyumba ilikuwa imefungwa kwa misumari, na waliobaki ndani ni panya. Lakini hakuna aliyecheka. Aliyefuata alisema anangoja basi la Horohoro. Mwingine alisema amekuja kumwuguza ndugu yake. Kama fundi Mbarouk amesema halali pale, nani angekubali kubaki na aibu peke yake? Wasichana walipoondoka, watu sita tu ndio walioandikwa kuwa wanalala barazani.

Thuwaiba alisubiri mpaka watu walipotawanyika.

"Mbona hukusema kweli, bwana?"

"Niseme nini? Jina langu liandikwe kwamba nalala njiani? Karatasi inasafiri, Mama Time. Itafika Wete."

Thuwaiba akarudi kufagia baraza. Alifundishwa na mama yake kwamba mke ni nguo ya mumewe.

Mwezi wa nne mvua za masika zilishika. Mbarouk alipata barua kutoka ofisi ya kata. Barua ilisema kwamba jengo litabomolewa baada ya masika. Fundi Mbarouk, ilisema, atapewa nafasi sokoni ya kuweka cherehani yake. Ilikuwa barua ya heshima. Lakini kuhusu pa kulala haikusema neno. Aliyeiandika aliamini kwamba Mbarouk ana kwake Usagara.

Mvua ilipiga kwa pembeni. Maji yaliingia barazani mpaka ukutani. Mbarouk akaanza kukohoa. Mwanzo alisema ni vumbi la vitambaa. Kisha homa ikampanda, akawa hawezi kukanyaga cherehani. Mzee Ernesti na mchukuzi mmoja walimbeba, wakamkalisha kwenye bajaji, akapelekwa hospitali. Daktari alimpima, akasema ni nimonia, tena imechelewa kutibiwa. Akamlaza.

Siku ya tatu Thuwaiba alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi. Mwanamke mmoja alikuja na daftari, akakaa karibu naye. Alikuwa Devota, afisa ustawi wa jamii.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole na kuuguza. Daktari anasema mzee akiruhusiwa lazima alale pakavu, pasipo na baridi. Nyumbani ni wapi?"

"Usagara."

"Usagara sehemu gani? Nami nakaa hukohuko."

Thuwaiba aliisoma sura ya Devota. Haikuwa sura ya mtego. Alitaja shule. Devota akauliza ni upande gani wa shule. Thuwaiba hakuijua shule hiyo ila kwa jina. Akajifunika uso kwa mtandio, akalia.

Devota hakumharakisha. Alimshika bega mpaka akatulia. Ndipo Thuwaiba akasimulia yote: chumba cha uani, baraza, gunia, wasichana wa vizibao vya kijani.

"Mama, kuna jambo ulijue," alisema Devota. "Ile Kamati ya Ushauri haina mamlaka ya kumpa mtu nyumba. Kazi yake ni kusikiliza, kukagua na kuandika ushauri. Madiwani ndio wanaoamua. Sasa kamati itawashauri nini? Itawashauri kwa kile ilichoambiwa. Rasimu yao imebandikwa ofisi ya kata, nimeisoma. Inasema baraza yenu ina watu sita wasio na makazi. Imewaombea vyumba sita."

"Sita? Siye tu ishirini na watatu!"

"Nani aliwaambia kwamba mko ishirini na watatu?"

Thuwaiba akainamisha kichwa.

"Basi tumejinyima wenyewe," alisema. "Na sasa tumechelewa."

"Hamjachelewa. Rasimu si msahafu, mama. Imebandikwa ili watu waisome na waseme palipokosewa. Alhamisi kuna kikao cha wazi. Mtu yeyote anaruhusiwa kusimama na kusema. Huhitaji kujua kusoma wala kuvaa vizuri."

"Lakini siye hatuna karatasi hata moja."

"Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, umwombe barua inayosema anakufahamu. Nani mwingine anawajua pale?"

"Yule mwenye duka la ng'ambo ya barabara. Hutupa maji kila asubuhi."

"Mwombe awe shahidi wako. Na wale wenzako wa barazani waje wote. Mtu mmoja akisema, ataandikwa mmoja. Tena waambie kamati kuhusu ugonjwa wa mzee. Wagonjwa na wazee hutangulizwa."

Thuwaiba alitazama mlango wa wodi.

"Mume wangu hatanisamehe. Nitakuwa nimemvua nguo mbele ya watu."

Devota alifunga daftari.

"Hilo siwezi kukuahidi, mama. Ninachojua ni kwamba daktari hawezi kumrudisha barazani na mvua hii."

Jumatano Thuwaiba alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akapata barua. Alimwomba mwenye duka, naye akakubali. Jioni alizungumza na wenzake wa barazani. Walimsikiliza bila kumtazama. Hakuna aliyesema ndiyo, wala hakuna aliyesema hapana.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Jumbe, mwalimu mstaafu. Mchoraji alionyesha picha za majengo mapya. Zilikuwa nzuri, sikatai. Kulikuwa na miti, taa na viti vya kupumzikia. Wafanyabiashara walisimama mmoja mmoja, wakauliza habari za maegesho na maji taka. Kisha Mzee Jumbe akauliza kama kuna mwenye neno zaidi.

Thuwaiba alisimama. Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma yake, na niliona mkono wake umekamata kiti kwa nguvu.

"Miye naitwa Thuwaiba. Mume wangu ni fundi Mbarouk. Mwandishi wenu aliandika kwamba twakaa Usagara." Akamtazama Mzee Jumbe. "Hatukai Usagara. Wallahi hatujawahi kukaa Usagara. Twalala barazani, mwaka wa pili huu. Mume wangu alisema vile kwa haya, na miye nikanyamaza kwa haya. Sasa yuko hospitali, kifua kimejaa. Akitoka sina pa kumlaza. Ninayo barua ya mtaa na shahidi huyu hapa. Nawaomba mtuandike upya."

Hata mimi, niliyevaa kanzu ya Mbarouk siku ile, nilikuwa sijui. Nilipita pale kila wiki na kusalimia, na sikuwahi kuuliza. Niliona haya kwa ajili yangu mwenyewe.

Kisha kiti kikasogea. Mzee Ernesti alisimama kwa taabu, ameshika mgongo.

"Na mimi si mlinzi," alisema. "Nalala pale. Jina langu Ernesti."

Akasimama mama mwenye watoto wawili. Wakasimama wachukuzi. Wengine walilia huku wakitaja majina yao. Mzee Jumbe alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kosa si lenu peke yenu," alisema. "Tuliwauliza watu wazima jambo la aibu, njiani, mbele ya wenzao, kwa dakika mbili. Tutawaandika upya leo, mmoja mmoja, ndani ya chumba, mlango umefungwa."

Wakaandikwa ishirini na watatu. Na kwa sababu ya mvua, kamati ilikubaliana kutuma ushauri wa dharura kwa madiwani: nyumba za zamani za watumishi wa jiji, zilizokuwa zimefungwa na ukarabati wake umeshaanza, zimaliziwe na kufunguliwa, na baraza isibomolewe kabla watu hawajapata pa kwenda.

Siku hiyohiyo alasiri Thuwaiba alirudi hospitali, akamweleza mumewe. Hakumficha hata neno. Mbarouk alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Mbele ya watu?" aliuliza.

"Mbele ya watu."

"Umenivua nguo, Mama Time."

Akageukia ukutani. Ijumaa hakusema naye. Time alipopiga simu, aliashiria kwa mkono kwamba amelala. Jumamosi hakusema naye. Thuwaiba alimlisha uji, akamfuta jasho, akamgeuza ubavu. Mbarouk alikubali kila kitu, lakini hakumtazama. Nilimtembelea siku hiyo. Nilimwona Thuwaiba amekaa chini karibu na kitanda, na sijawahi kumwona mtu mpweke kama yule.

Jumapili asubuhi Mbarouk alifumbua macho. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Mzee Ernesti naye aliandikwa?"

"Aliandikwa."

"Na yule mwenye watoto?"

"Wote, bwana. Ishirini na watatu."

Mbarouk alipumua kwa shida.

"Wale wote walinifuata mimi siku ile," alisema. "Mimi ndiye niliyewafunga midomo. Nisamehe, mke wangu."

"Nimekusamehe. Nawe nisamehe."

"Jina langu umeliandikisha?"

"La kwanza."

"Vyema," akasema Mbarouk.

Jumanne alfajiri alifariki dunia.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sipendi kuitaja methali hiyo hapa, kwa kuwa aliyeumbuka zaidi ni aliyebaki. Kabla ya saa mbili Time alikuwa kwenye simu, analia.

"Mama, msiba uko wapi? Tukifika Tanga tushukie Usagara sehemu gani?"

Thuwaiba alishika simu kwa mikono miwili. Hakuwa na nguvu ya kusema uongo mwingine.

"Mwanangu, njooni msikitini. Hatuna nyumba. Hatujakuwa nayo muda mrefu."

Mbarouk alioshwa hospitali, akaswaliwa msikitini, akazikwa baada ya alasiri. Kila maiti niliyowahi kuizika ilitoka katika nyumba fulani, na majirani wakajua jeneza limetoka kwa nani. Mbarouk hakuwa na mlango wa kutokea. Wanawake walikalia matanga katika chumba cha madrasa. Time alifika Jumatano. Alimkumbatia mama yake, akalia, kisha akaja juu.

"Kwa nini hamkuniambia? Ningekuja kuwachukua! Nina chumba, mama! Baba angekuwa hai!"

"Baba yako hakutaka ukose uso mbele ya wakwe zako."

"Uso! Niufanyie nini uso?"

Thuwaiba alimvuta binti yake, akamkalisha karibu naye.

Siku ya tatu matanga yakaanuliwa. Watoto wa madrasa walikuwa wanangoja chumba chao. Sheikh akaja, akakaa kizingitini.

"Bibi Thuwaiba, uko katika eda sasa. Miezi minne na siku kumi. Mjane hukaa eda katika nyumba ya mumewe. Lakini dharura ina hukumu yake. Nenda Wete kwa binti yako, hakuna ubaya."

"Nyumba ya mume wangu ni baraza," alisema Thuwaiba. "Ndiyo nyumba aliyoniachia."

Sheikh aliinama. Time alianza kufunga mizigo.

Wakati huo Devota aliingia, amevua viatu, amejifunga khanga kichwani. Alitoa pole kwanza, kama ipasavyo. Kisha alitoa karatasi.

"Madiwani walikubali ushauri wa kamati Jumatatu. Orodha ya kwanza ilibandikwa jana. Ni ya wagonjwa, wazee na wenye watoto wadogo. Wengine watafuata vyumba vikikamilika."

Akasoma jina la kwanza: Mbarouk Fadhil na mkewe.

Jumatatu. Yaani siku moja kabla hajafariki. Wanawake walianza kulia upya.

"Mtalifuta jina lake?" Thuwaiba aliuliza. "Si amekufa?"

"Nilimwuliza Mzee Jumbe," Devota alijibu. "Amesema chumba ni chenu, nawe umeandikwa kama mkewe. Litabadilishwa liwe lako, lakini si lazima leo. Amesema eda iishe kwanza."

Ijumaa asubuhi walimpeleka Thuwaiba kwenye chumba hicho. Alivaa nguo nyeupe za eda, amefunikwa shuka, Time upande mmoja na Devota upande wa pili. Kilikuwa chumba kidogo, chenye dari mpya na harufu ya chokaa. Chumba cha pili alikuwa Mzee Ernesti. Cha tatu mama mwenye watoto wawili, na watoto walikuwa wameshaambiwa wasipige kelele. Nje mvua ilikuwa inanyesha, na ndani palikuwa pakavu.

Kufikia mwezi wa saba wote ishirini na wawili waliobaki walikuwa wamepata vyumba. Ndipo baraza ikabomolewa. Siku hizi waandikishaji wa kamati hawaulizi watu njiani. Huwaita chumbani, mmoja mmoja. Na watu wakiulizwa wanalala wapi, husema.

Lakini Ijumaa ile haya yote yalikuwa bado. Time alizunguka chumba, akagusa kuta.

"Mama, baba aliwahi kuingia humu?"

"Hata mara moja."

"Basi twende zetu Wete. Humu hamna kitu chake."

Thuwaiba alikaa chini, akanyoosha miguu.

"Jina lake limeandikwa, Time, na chumba ni chake. Miye mkewe nitamkalia eda kwake. Nenda salama, mwanangu. Funga mlango."